Masega Matano

Siku mbili kabla ya kurina hakujifukiza udi, hakujipaka mafuta ya nywele, na asumini aliyoletewa na jirani aliiacha kwenye kisahani cha maji mpaka ikageuka rangi ya chai. Aliniambia hayo mlangoni, hata viatu sijavua. "Nyuki hawataki harufu kali, na mie sitaki kuwapa sababu," alisema, akanikaribisha barazani, kisha akaingia ndani kutafuta glovu.

Ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, na hii ilikuwa asali yake ya kwanza. Nyumba yao iko Madungu, Chake Chake, kisiwani Pemba, upande ambao mji umeanza kulegea na kugeuka shamba. Ukitoka sokoni unapanda na barabara ya lami, unapishana na watoto wanaotoka chuoni na misahafu yao vifuani, unapita maduka mawili matatu ya nguo na vocha, halafu unaiacha lami na kufuata njia ya udongo mwekundu inayoteremka kati ya migomba na mishokishoki. Huku hakuna uwanda. Ukihesabu hatua mia umeshapanda kilima au umeshashuka bonde: juu nyumba na mikarafuu, chini mpunga. Waarabu walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadhraa, Kisiwa cha Kijani, na mtu aliyeketi kwenye baraza ile, akiangalia minazi ikishuka mpaka bondeni na kupanda tena ng'ambo, hawezi kuona jina lingine.

Ulikuwa mwezi wa pili. Kaskazi ilikuwa inavuma kavu, na Ramadhani ilikuwa karibu. Msimu wa karafuu ulikuwa umekwisha ila kwa watu wachache. Nyumba ya pili bado walikuwa wameanika jamvi moja, na kila upepo ulipogeuka harufu yake iliingia barazani, kali na tamu, ikakaa kidogo kooni, ikaondoka.

Alirudi na nguo ya kazi mikononi. Aliishona mwenyewe kwa mashuka mawili meupe ya kitanda, maana nyuki hughadhibishwa na rangi za giza. Mikono na miguu ina lastiki, kifuani zipu iliyotolewa kwenye gauni la zamani. Kofia ni ya ukili, pana, na kuizunguka ameshonea chandarua cha mbu mpaka mabegani. Ukitazama mshono utajua ni wa fundi: umepigwa mara mbili, na ncha imekunjwa ndani isikwaruze shingo. Alinionyesha sehemu moja tu asiyoiamini, pale chandarua kinapokutana na zipu. Tundu lake lilikuwa dogo, lingepita punje ya mtama. Tulikaa tukaliziba kwa sindano na uzi, na huku anashona alinieleza mzinga ulivyopatikana.

Ni sanduku refu la mbao lenye mbavu za mteremko, mfano wa hori la ng'ombe, na juu limefunikwa kwa vijiti bapa vilivyolala kimoja kando ya kingine. Vijiti hivyo huviita viunzi. Mizinga ya namna hii ilienea kutoka Kenya miaka ya 1970, na siri yake yote imo kwenye kipimo cha kiunzi: milimita 32 kwa upana. Nyuki wa kwetu hujenga sega moja chini ya kila kiunzi ukiwapa upana huo. Ukizidisha, wanapotoka mstari, wanajenga sega la kukatiza viunzi viwili vitatu, na siku ya kurina huwezi kuinua kimoja bila kubomoa nyumba nzima. Fundi wa mbao wa mwanzo alimkatia viunzi vya sentimita nne. Alidhani tofauti hiyo si kitu. Yeye, aliyezoea nguo kukataa mwili kwa nusu inchi, alivipima kwa futikamba yake ya kushonea, akavirudisha vyote 28.

Kisha akayeyusha kipande cha nta, akakipaka kwenye kila kiunzi kwa brashi ya meno ya zamani, ili sanduku linuke nyumba ya nyuki. Lilikaa bondeni masika yote bila mpangaji. Waliingia mijusi. Waliingia sisimizi, wakamlazimu kuvisimamisha vigingi vinne vya mzinga ndani ya makopo ya maziwa yenye oili chafu. Mwezi wa nane, siku alipoteremka kukata majani ya mbuzi, alisikia mvumo kabla ya kuona chochote, akasimama na mundu mkononi. Kundi lilikuwa limening'inia kwenye tundu la mlango kama ndevu, na kidogo kidogo likawa linaingia ndani.

Katika nyuki waliohamia siku ile, pengine hakuna aliyebaki ila malkia. Nyuki kibarua huishi kama wiki sita tu wakati wa kazi nyingi. Kutoka Agosti mpaka Februari, mzinga ule ulikuwa umezaliwa na kufa na kuzaliwa upya mara kadhaa, na asali tuliyokuwa tunaiendea ilikuwa imekusanywa na vizazi ambavyo havikuonana. Nililifikiria hilo muda mrefu pale barazani.

Baada ya Alasiri alifika ami yake. Ni mzee mwembamba, kofia ya kiua, shuka kiunoni, na begani mfuko wa gunia uliojaa makumbi ya nazi. Mpwa? La, ni mtoto wa ndugu yake wa kiume, na humwita mwanangu. Naye humwamkia kwa kuinama kidogo, "Shikamoo Ami," hata akiwa ndani ya mavazi yale ya mashuka. Mzee ndiye mwalimu wake. Amerina tangu ujana, na hafichi alivyokuwa akirina.

"Tukirina kwa mwenge wa makuti," alisema, huku akivunja makumbi vipande vidogo. "Unauwasha, unausukuma ndani ya gogo. Nyuki wanaungua. Wanaobaki wanatawanyika usiku, hawana malkia, hawana majana. Asubuhi tunakula asali, tunatema maiti."

Alinyamaza akapuliza vumbi kwenye viganja.

"Na asali yenyewe ilinuka moshi. Tukidhani ndiyo harufu yake."

Bomba lake la moshi ni kopo la bati lenye mdomo uliopinda na mvukuto mdogo wa ngozi nyuma. Aliweka kaa moja chini, makumbi juu yake, akabonyeza mpaka moshi ukatoka mweupe, wa baridi. Aliniambia niweke mkono mbele ya mdomo wa bomba nihakikishe. Moshi wa kurina haupaswi kumchoma mtu, basi vipi umchome nyuki? Kazi yake ni mbili: kufunika harufu ya hatari ambayo nyuki walinzi huitoa, na kuwafanya waliomo ndani wadhani kuna moto, wakimbilie kushiba asali kama watu wanaofunga mizigo. Nyuki aliyeshiba ni mzito, na hana haja ya ugomvi.

Tuliteremka saa kumi na moja na nusu. Mbuzi walikuwa wamehamishwa, kuku wamefungiwa, watoto wameachwa kwa bibi yao na amri ya kutotoka. Kutoka nyumbani hadi mzingani ni zaidi ya hatua mia mbili. Mzee alizipima mwenyewe, kwa sababu nyuki wa pwani si wa kuwekwa dirishani.

Katikati ya njia kuna mkarafuu mmoja mzee, mrefu kuliko nguzo ya umeme, ambao hakuna anayeupanda tena. Matawi ya chini huchumwa, kileleni huachwa. Nilisimama pale kwa sababu yeye alisimama. Karafuu inayouzwa ni ua ambalo halijafunguka. Huchumwa likiwa tumba, kofia yake bado imeshikamana, na likishachanua thamani yake imeondoka. Dhoruba ya mwaka 1872 iling'oa mikarafuu ya Unguja na kuisaza mingi ya Pemba, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichoibeba karafuu ya Zanzibar. Hesabu miaka hiyo yote: watu wazima na watoto wamekwea, wamechuma, wamechambua, wameanika, wote wakishindana na ua lisiwahi kufunguka. Nyuki hapati kitu kwenye karafuu iliyochumwa.

Lakini kilele cha mti huu, mwezi wa kumi na mbili, kilichanua. Aliyaokota maua yaliyoanguka akayaweka kwenye kiganja kuyatazama: kikonyo chekundu, na juu yake nyuzi nyingi nyembamba, rangi ya maziwa, zimesimama kila upande. Mti mzima ulikuwa unalia. "Kama cherehani ya umeme umeiwacha inazunguka," alisema. Alikuwa anakuja kila asubuhi, kabla ya kufungua kazi, kusikiliza tu.

Bondeni kulikuwa kumeshaingia kivuli. Mzinga umekaa chini ya mwembe mkubwa, mlango wake umeelekezwa mashariki, na juu ya viunzi kuna bati lililokandamizwa na mawe mawili. Nyuki wa mwisho walikuwa wanarejea. Walikuja chini chini, wazito, baadhi na vidonge vya chavua miguuni, vya rangi ya manjano ya bizari. Minazi haikosi maua mwaka mzima, na kwao ndio chavua. Wengine walitokea magharibi, juu ya kilima, upande wa ghuba ya Chake na mikoko yake. Nyuki akitaka huenda kilomita tatu kutafuta chakula, na mikoko haiko mbali hivyo.

Mzee alimwelekeza asimame ubavuni, asizibe mlango. Mzee mwenyewe hakuvaa kitu zaidi ya kitambaa cha chandarua kichwani. Moshi mara tatu mlangoni, polepole.

"Soma Ayatul Kursiy mara tatu. Ukimaliza, fungua."

Nikamwona midomo ikitembea nyuma ya chandarua. Bondeni palikuwa kimya ila mvumo wa ndani ya sanduku, ambao ulipanda, ukajaa, ukashuka ukawa mzito na wa chini. Aliondoa mawe. Aliinua bati. Harufu ikatoka kabla ya nyuki: nta yenye joto, asali, na kitu kingine cha utomvu, kama ubao mpya uliopigwa randa. Nilikuwa hatua sita nyuma, nikaisikia hadi mdomoni.

Viunzi havifunguliwi kwa kubahatisha. Alivigonga kwa ukucha kuanzia mwisho wa nyuma, kimoja kimoja, na mimi pia nilisikia tofauti: kiunzi kitupu kinalia kama ngoma ndogo, chenye sega kinajibu kwa sauti iliyofumbwa. Vitatu vya mwisho vilikuwa tupu. Cha nne alikipitishia kisu pembeni, kikakataa, akakitikisa, kikaachia kwa mlio mdogo wa gundi inayokatika. Akakivuta juu.

Sega la kwanza lilikuwa jipya, jeupe, lenye nyuki wachache. Mzee alimwambia alitikise mara moja juu ya mzinga. Matone membamba yakaanguka.

"Hilo bado maji. Rudisha."

Kabla ya kuwa asali, mbochi wa maua ni maji kwa sehemu kubwa. Nyuki huyapunguza kwa kupepea mbawa usiku kucha mpaka yabaki chini ya sehemu moja katika tano, ndipo wanaziba vitundu kwa nta. Kisiwani, ambako hewa yenyewe ina unyevu, kazi hiyo ni ndefu. Anayerina kwa pupa anapata kitu kinachochacha chupani baada ya wiki tatu, chenye povu, na mteja harudi.

La pili lilikuwa lenyewe. Alilitoa likapanda na kupanda, na sikutarajia ukubwa wake: umbo la tanga lililopinduliwa, pana juu, jembamba chini, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole vyangu. Pande zote mbili lilikuwa limezibwa, na nta ya kuzibia ilikuwa nyeupe kama tui zito, imekunjamana kidogo kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Nyuki walikuwa wanatembea juu yake bila haraka. Alikuwa amelishika kwa vidole vya mikono miwili kwenye ncha za kiunzi na lilikuwa linatetemeka, na mwanzo nilidhani ni upepo.

"Lishike wima. Usililaze. Nta changa, jua lote la leo liko humo ndani."

Alipangusa nyuki kwa unyoya wa kuku, wakamwagika chini kama mchele. Akakata sega chini ya kiunzi, akibakiza ukanda wa upana wa kidole ili wajue pa kuanzia tena. Lilianguka ndani ya ndoo nyeupe kwa kishindo ambacho bado nakisikia, kishindo cha kitu kizito na laini. Mzee akafunika ndoo mara moja. Hapo ndipo aliponigeukia nyuma ya chandarua na kunitazama, na sikuwa na neno.

La tatu lilitoka vizuri. La nne ndilo lililomshinda. Alipotaka kulitazama upande wa pili, aliligeuza kwa ubapa badala ya kulizungusha likiwa wima, na lilikatika. Nusu yake ilianguka juu ya viunzi vilivyofungwa ikapasuka, asali ikatiririka kwenye nafasi, nyuki wakabanwa.

Mvumo ulibadilika. Sijui kuueleza zaidi ya hivyo. Mwili unaelewa kabla ya masikio. Harufu ikaja vilevile, na nilishangaa maana niliifahamu: ndizi mbivu, mbivu sana, katikati ya bonde ambalo halikuwa na ndizi karibu. Nyuki akichoma, mwiba unabaki ngozini pamoja na sehemu ya tumbo lake, yeye anakufa, na harufu hiyo inawaita wenzake mahali pale pale. Mmoja alinichoma kifundo cha mkono. Mwingine shingoni. Mzee alikuwa na watatu kwenye mkono wa kulia, na mkono ule haukusita kubonyeza mvukuto.

"Usikimbie, mwanangu. Usiwapumulie. Wao wametishika, weye je?"

Hakukimbia. Alisimama mikono imeachana na mwili, kichwa ameinamisha ili pumzi imwendee kifuani, nyuki wakigonga chandarua kama mvua ya mawe madogo. Moshi ulimpita. Nikahesabu, sijui nilifika ngapi. Kisha, taratibu sana, aliinua kile kipande kilichovunjika kwa ncha ya kisu, akakitia kwenye ndoo, akachukua unyoya na kuwaondoa waliobanwa mmoja mmoja. Wengine walikuwa wameshakufa. Hao nao aliwaondoa mmoja mmoja.

Mzee alikuja kunikwangua miiba kwa ukucha wake, kwa ubavu, bila kuibana. Ukucha ulikuwa mgumu kama ganda la kome.

Ndoo ilikuwa na masega matano alipofikia kiunzi kilichokuwa tofauti. Juu asali iliyozibwa, ukanda wa viganja viwili. Chini rangi ikageuka: vifuniko vya kahawia, vilivyovimba kidogo, vikavu, na pembeni vitundu vilivyo wazi na ndani yake funza weupe waliojikunja. Majana. Kila kitundu kilichofunikwa, nyuki kibarua anakamilika ndani yake na kutoka baada ya wiki kama tatu tangu yai litagwe. Giza lilikuwa limeanza, na mzee aliwasha tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, kwa kuwa nyuki hawaioni rangi nyekundu. Katika mwanga ule tuliona kifuniko kimoja kikitafunwa kwa ndani. Tundu dogo, kisha kubwa kidogo, kisha pembe mbili, kisha uso wenye manyoya ya majivu. Ulikaa hapo ukitutazama, au ukitazama ule wekundu ambao kwake ni giza tupu.

Pale juu kulikuwa na asali ya nusu lita, iliyoiva. Kisu kilikuwa mkononi. Mzee, aliyekuwa na neno kwa kila kiunzi tangu mwanzo, safari hii hakusema chochote. Aliangalia tochi yake.

Yeye akakirudisha kiunzi. Alikiteremsha kwa uzito wake, kidogo kidogo, akisubiri nyuki waliokuwa ukingoni wasogee, mpaka mbao zikagusana. Masika yalikuwa mbele, mvua za mwezi wa tatu mpaka wa tano, siku nzima nyuki hatoki, na kinacholiwa ndani ni kile kilichoachwa. Mbele ya kiunzi hicho kulikuwa na viwili vingine ambavyo ukucha ulisema vimejaa. Hivyo hata hakuvigonga tena.

"Funika," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa laini kuliko ilivyokuwa jioni yote.

Tulipokuwa tunapanda, popo walianza kupita. Popo wakubwa wa Pemba, wale ambao hawaishi kwingine popote duniani, mbawa zao zikifunguka karibu mita moja na nusu, wanaruka polepole kama kunguru waliochoka. Walitoka nyuma ya kilima wachache wachache, wakakata juu ya kilele cha ule mkarafuu. Adhana ya Magharibi ilitoka msikiti wa juu, ikajibiwa na wa pili, na wa tatu. Ndoo alikuwa ameibeba yeye, kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Nilitaka kumpokea, akakataa.

Nyumbani milango na madirisha yalifungwa, taa moja ikawashwa. Watoto walikuwa wamekwisha kaa mkekani kwa mstari. Masega yaliwekwa kwenye sinia, na kwenye mwanga wa umeme kila mtu alinyamaza: vipande vilikuwa na rangi ya chai nyepesi, kimoja kikakaribia kahawa, na penye mkato vitundu vyenye pembe sita vilionekana vimejipanga bila kukosea, mstari juu ya mstari, mpaka jicho linachoka. Alivunja sega la kwanza kwa vidole. Alinawa kwanza mpaka viwiko, akakausha vizuri kwa kitambaa, kwa kuwa tone la maji ni adui. Akayaponda ndani ya sufuria, akayamimina kwenye kitambaa cheupe kilichofungwa mdomoni mwa ndoo nyingine, akaacha uzito wake ufanye kazi.

Asali haishuki kama kitu kingine. Ilianza kwa uzi mmoja, ukanyooka, ukagusa chini, ukajikunja juu yake kama kamba inayopangwa chomboni. Mtoto mdogo alipewa kipande cha sega atafune. Alitafuna mpaka utamu ukaisha, akatoa nta mdomoni, akaitazama, akaifinyanga ng'ombe.

Mimi nilipewa kwenye kijiko cha chai. Ilikuwa bado na joto la mzinga. Kwanza tamu, ya kawaida. Kisha nyuma ya ulimi kitu chenye uchungu mdogo, na mwisho mchomo hafifu uliobaki kwenye fizi. Mzee alifumba macho akasema ni mchu, mikoko ya ghubani, anaujua. Yeye akasema ni karafuu, ni ule mti. Wakabishana kwa heshima, kila mmoja akichovya tena kuthibitisha. Sikuweza kuwaamua. Nyuki mmoja, maisha yake yote, hutengeneza sehemu ya kumi na mbili ya kijiko kama kile nilichokishika.

Tulikaa mpaka saa nne usiku. Kilichochujika kilijaza chupa sita za nusu lita na kubakiza kikombe kasoro. Kwa kipimo hicho cha kijiko, kila chupa ni kazi ya nyuki wapatao 1,200. Alizipanga dirishani, akazihesabu, akazihesabu tena. Ya kwanza ilikuwa ya ami yake, na mzee aliipokea kwa mikono miwili. Ya pili ya mama yake, ambaye kifua humsumbua na asali ya ndimu na tangawizi ndiyo anayoiamini. Ya tatu ilikuwa ya jirani wa jamvi la karafuu, mama aliyekuwa akiogopa nyuki tangu siku mzinga ulipowekwa na hata hivyo hakuwahi kulalamika mbele ya watu. Ya nne ya futari. Mbili zilizobaki aliziweka kando, akasema atauza moja, ile nyingine aione tu. Mwanawe mkubwa akamuuliza kwa nini hawakuchukua masega yote. Akajibu, "Yale mengine si yetu," na akaendelea kufuta meza.

Niliamka alfajiri, mkono umevimba hata saa haifungiki. Yeye alikuwa ameshatoka. Nilimkuta bondeni, mbali na mzinga, chini ya mnazi wa pili kutoka mpunga, akiweka chini ile sufuria ya kupondea, kitambaa cha kuchujia na viganda vya nta vilivyobaki, vyote vikinata asali isiyoweza kutoka kwa mkono. Mzee alimkataza kuviweka karibu na mlango, wasije nyuki wa mizinga mingine wakajifunza njia ya wizi.

Tulikaa kwenye gogo. Umande ulikuwa bado kwenye majani ya mpunga. Jua lilipogusa ukingo wa bati la mzinga walianza kutoka, na kwa muda mrefu hakuna aliyejali sufuria. Walipita juu yake kwenda zao magharibi. Kisha mmoja alizunguka, akatua ukingoni, akatembea kuelekea ndani. Alikaa humo kiasi cha mtu kunywa kikombe cha chai. Alipotoka alikwenda moja kwa moja mzingani, na baada ya hapo wakaja wawili, halafu kumi, halafu sikuweza kuhesabu. Sufuria ikaanza kuvuma kama sanduku dogo la pili.

Kufikia saa nne ilikuwa kavu. Aliichukua akapitisha kidole ndani yake, akanionyesha kidole. Hakikuwa na kitu.